Shajara ya mradi: "Ndevu", picha yetu ya makomredi wa 1963

Januari 13

Usiku wa kuamkia jana fashifashi zilirushwa na mji mzima ukatoka nje kutazama. Mimi nilibaki ndani na mswada. Mwisho wa picha hii nimeshauandika mara sita, na huo wa sita nao nimeuchana.

Kwa waliojiunga nasi karibuni: picha inaitwa "Ndevu". Ni ya kuchekesha na kuliza, dakika tisini Mungu akijaalia. Kijana wa miaka kumi na tisa anarudi Unguja kutoka Kuba akiwa na ndevu, bereti na maneno matatu ya Kihispania. Anataka kuigeuza dunia. Anakaa Mkunazini kwa bibi yake, na bibi anataka kwanza anyoe.

Vijana wa namna hiyo walikuwapo. Hizbu, yaani chama cha siasa cha ZNP, ilikuwa na ofisi Havana na ikawapeleka vijana wake Kuba kupata mafunzo. Juni 1963 Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho, alijitoa akaunda Umma Party, na vijana wengi wakamfuata. Walikuwa na ndevu, bereti, na salamu yao ilikuwa "Venceremos", yaani tutashinda. Watu wakawaita makomredi, na jina limebaki mpaka leo. Julai ukafanyika uchaguzi: chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na Hizbu pamoja na chama mshirika wake, ZPPP, wakaunda serikali kwa viti vyao 18. Desemba 10 uhuru. Mapema Januari 1964 Umma ikapigwa marufuku, na Januari 12 yakatokea Mapinduzi. Ni miezi saba tu. Kijana aliyeanza mwezi wa Juni na vinywele vichache kidevuni alifika Januari akiwa mtu mwingine, na picha yangu yote imo ndani ya miezi hiyo.

Nataka watu wacheke, kwa sababu wazee waliokuwa wakinisimulia mambo haya wanacheka. Wanacheka hasa, mpaka wanajifuta machozi. Kisha hadithi inafika mahali, mzee anainamisha kichwa, anasema "Haya, yaishe," na dele la kahawa linazungushwa tena. Picha lazima ifike mahali hapo. Ikiishia kwenye kicheko tutakuwa tumewadhulumu wazee wale. Ikianzia kwenye kuinama, vijana wa leo hawatakaa kuitazama.

Januari 30

Mfadhili amejitoa. Alisoma mswada wote na alizungumza nami kwa heshima, ila alitaka vijana wawe majuha: wavae bereti kichwa chini miguu juu, wagombane na kuku, wasijue hata Kuba iko wapi. Nilimwambia hapana, na sijutii.

Makomredi walikosea mengi na picha inayaonesha makosa yao. Lakini walisoma. Walikesha na kamusi na kandili juu ya vitabu ambavyo havikuandikwa kwa lugha yao, wakibishana neno "tabaka" lina maana gani kwa mtu anayechuma karafuu Pemba kwenye shamba la mwenzake. Mabishano hayo yanachekesha, kwa sababu saa nane za usiku bibi anagonga ukuta kwa bakora na wote wanne wanajifanya wamelala. Anayetazama acheke bakora. Swali lao asilicheke.

Siku za kushuti zimepungua kutoka 24 hadi 15. Sini zote za barabarani zenye watu wengi nimezifuta.

Februari 9

Leo tumeipata picha.

Mzee wetu anakaa Kikwajuni, katika moja ya yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Alikuwa komredi. Ameomba nisimtaje jina. Nilikwenda na kijana anayeigiza nafasi kuu, ambaye wiki tatu sasa anafuga ndevu na kusemwa kazini kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu ndiye? Hebu tembea."

Kijana akatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, kifua mbele, bereti imelalia jicho la kulia, kama watu wa kwenye mabango. Mzee akatikisa kichwa.

"Rudi. Kwanza ivue. Bereti unaivaa ukishapita kwenu, mwanangu. Ndani ya nyumba iko wapi? Iko hapa." Akajipiga ubavuni, chini ya kwapa. "Ndani ya shati. Unatoka, unamwambia mama unakwenda skuli ya usiku. Unapita mlangoni kwa ami yako, unamwamkia. Unapita mskiti. Unakata kona. Hapo sasa."

Mikono yake yote miwili ikapanda kichwani polepole, ikaweka kitu ambacho hakipo, mkono wa kulia ukakivuta kidogo upande. Na mgongo ukanyooka. Mzee wa miaka zaidi ya themanini, kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukanyooka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nimeiandika usiku huu huu, na haina neno hata moja. Itakuja mara tatu katika picha. Mara ya kwanza anaangalia kushoto na kulia kabla ya kuivaa. Mara ya pili anakutana pale konani na mwenzake ambaye naye anaitoa yake ndani ya shati, wanatazamana wanacheka. Mara ya tatu anaivaa ndani ya nyumba, mbele ya bibi. Nikishajua hiyo ya tatu itakuwaje, nitakuwa nimejua mwisho.

Februari 14

Sheha amekubali. Mswada umepelekwa kunakohusika kwa ajili ya kibali. Tumepata nyumba Kiponda, itasimama badala ya Mkunazini: mlango mzuri wa kuchonga, ua wa ndani, ngazi zinazolia. Kazi kubwa ni kuondoa alama za leo. Nyaya, matangi ya plastiki, madishi, viyoyozi. Kameramani amezunguka na daftari, amepata pembe nne tu za uchochoro ambazo mtu wa 1963 angezitambua. Nne zinatosha.

Machi 4

Ramadhani, kwa hiyo mchana hakuna kazi ya picha. Jioni nilikuwa jikoni na mama tukitengeneza tambi. Ile mashine yake ya zamani ya chuma, anafunga kwenye ukingo wa meza, mimi nazungusha mkono, yeye anapokea nyuzi zinazotoka na kuzitandaza. Nikizungusha haraka ananipiga kidole. Unga ulikuwa mpaka kwenye nyusi zangu, na hapo nikaacha kuzungusha.

Vijana wetu katika picha wanatoa jarida lao kwa saiklostaili, ile mashine ya zamani ya kuchapia kwa stensili na wino. Wamelificha dude hilo chini ya kitanda cha bibi, limefunikwa kanga. Bibi si mjinga. Ataliona siku ya kwanza. Na ataona nini? Chuma, roli, mkono wa kuzungusha. Mashine ya tambi!

Kisha nikahesabu tarehe. Mapinduzi yalitokea Januari 12, 1964, mwishoni mwa Shaabani. Ramadhani iliingia siku chache tu baadaye. Bibi wa Mkunazini mwezi huo wa Januari alikuwa akifikiria nini kama si tambi, tende na unga wa futari? Kwa hiyo katika picha nzima bibi anawaambia majirani kwamba mjukuu wake, mtoto mwema, amemletea mashine ya tambi kutoka ng'ambo, anaificha amshitukize mwezi mtukufu ukiingia. Na mjukuu hana pa kukanushia.

Mama aliponiuliza ninacheka nini nikamweleza. Akacheka naye, akanyamaza, akasema, "Lakini mwaka ule sijui kama kuna mtu alipika tambi." Hakuongeza neno, akaendelea kutandaza.

Machi 28

Tumesoma mswada kwa sauti, mara ya kwanza wote pamoja. Dada anayeigiza binamu ndiye aliyenisahihisha zaidi. Binamu amesoma, anajua kupiga taipureta, na ndiye anayekata stensili zote. Nilikuwa nimempa hotuba ya ukurasa mzima kuhusu haki za wanawake. Akasema, "Sitaki hotuba. Wao waongee ukombozi, mimi nipige chapa na kuwasahihishia imla." Tulijaribu. Wanaume watatu wanapaza sauti kuhusu ubeberu, na kila baada ya sentensi mbili mashine inasimama, anauliza bila kuinua macho: "Mnyonyaji, mmeandika na n moja au mbili?" Hotuba nimeifuta yote.

Saiklostaili tumeipata kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akichapishia mitihani. Roli limekauka, mkono unakwaruza, lakini linazunguka. Tumelainisha wino kwa mafuta, tukajaribu karatasi kumi. Tisa zilitoka madoa matupu. Ya kumi ilisomeka.

Aprili 22

Masika. Nje hakufai, tunafanya sauti.

Katika Mji Mkongwe wa leo adhana inatoka kwenye vipaza sauti vingi, kila mmoja na dakika yake. Nimetaka adhana ya koo tupu, kwa hiyo tumekwenda mpaka mskiti mdogo wa shamba na kumwomba muadhini apande juu bila chombo chochote. Alikubali kwa sharti kwamba tusimkatize wala tusimwombe arudie, kwa kuwa adhana haifanyiwi mazoezi. Tulirekodi Alasiri na Magharibi, basi. Mvua inasikika nyuma yake. Tumeiacha. Kunguru nao wamo, na wana haki ya kuwamo: kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Juni 11

Siku ya tatu ya kushuti. Kusi inavuma vizuri, mwanga safi, watu wana ari.

Leo ilikuwa sini ya senema. Zama zile Unguja ilikuwa na majumba ya senema ambayo watu waliyajaza kwa picha za Kihindi, na la fahari lilikuwa pale Vuga: lilifunguliwa 1921 likiitwa Royal, likaungua, likajengwa upya na kuitwa Majestic. Vijana wetu wanafanya kikao cha siri ndani ya senema, kwa hoja kwamba gizani hakuna kachero atakayewaona. Ajenda ina mambo matano. Wanafika jambo la pili, mama katika picha anaanza kumwimbia mtoto wake aliyepotea, na kikao kizima kinalia.

Jumba zima la senema hatuna. Tuna ghala, mabenchi manne na watu kumi na saba. Kameramani akasema skrini tusiioneshe kabisa, tuoneshe nyuso. Akaweka taa moja kali kwa mbele, na mbele ya taa vijana wawili wakawa wanapitisha vipande vya kadibodi vilivyokatwa kama vitana, vidole vimetanuliwa, polepole, haraka, polepole. Mwanga ukawa unapumua juu ya nyuso. Wimbo tumeutunga wenyewe na bwana mmoja wa taarabu mwenye kinanda chake. Teki ya nne, yule anayeigiza komredi mkali kuliko wote, asiyecheka picha nzima, chozi likamtoka jicho la kushoto tu na akalifuta kwa bereti. Hakuambiwa. Nikasema kata kwa sauti iliyonikwama.

Juni 15

Hasara. Hadidiski tuliyokodi pamoja na vifaa imekufa na kazi ya siku moja na nusu. Aliyetukodisha anasema tuliiangusha, na hatukuiangusha. Nakala ya pili ilikuwa ifanywe usiku ule, umeme ukakatika, jenereta tulikuwa tumelirudisha kupunguza gharama. Sini ya uani na bibi imepotea, ile aliyoigiza vizuri kuliko zote. Nilimwendea kumwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, nimeifanya mara moja, nitaifanya tena. Leteni unga mwingine tu." Tangu leo hakuna anayelala kabla nakala mbili hazijakamilika.

Juni 19

Tunguu. Mwaka 1960 Wamarekani walijenga huko kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga vya mradi wa Mercury, na siasa za Unguja zikawaka: wapinzani walikiona ni kambi ya kijeshi iliyovishwa kanzu ya elimu. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, kikatakiwa kiondoke.

Katika picha makomredi wanne wanakwenda Tunguu kwa baiskeli tatu kuandamana, bango limefungwa kwenye kapu la samaki. Safari ya mwisho ya Mercury iliruka Mei 1963, kwa hiyo wanafika mwezi mmoja baada ya kazi yenyewe kwisha. Mlinzi anawapa maji ya mtungini, anawauliza kwao wapi, na inagundulika kuwa mama yake na bibi wa mmoja wao ni watu wa kijiji kimoja. Bango halifunguliwi. Wanarudi kimya. Njiani mmoja anauliza, "Yule naye ni umma, au si umma?" na hakuna anayejibu mpaka mjini.

Niliogopa sini hiyo ingekuwa ndefu. Ina dakika nne na nusu, na sitaikata hata sekunde.

Juni 24

Tumemaliza. Mwisho nao tumeushuti, na nauandika hapa kwa sababu walionisaidia kuutafuta ni wengi.

Mabunduki hayamo. Hilo tuliamua mapema. Fedha ya kufanya usiku ule hatuna, na hata ningekuwa nayo nisingeufanya. Katika ukoo wangu ami mmoja alikuwa Hizbu na mjomba mmoja Afro, na zama za siasa zilifika mahali watu hawakununua duka moja wala kuzikana. Kila nyumba itakayotazama picha hii ina usiku wake wa Januari 12, na mimi sina haki ya kuwaonesha wa kwangu kana kwamba ndio wao.

Kwa hiyo tuko ndani, kwa bibi, siku moja kabla ya mfungo. Nje kimya, madirisha yamefungwa. Kijana anaingia amechoka, ndevu zimejaa vumbi. Hatujui alikotoka wala alichokiona. Bibi ameshaivuta mashine uvunguni, ameiweka mezani, kinyunga cha unga kiko pembeni. Anaipapasa roli, anatazama vidole vyake vyeusi. Hashangai. Anafungua jiko la mkaa, na chini yake kuna kibunda cha karatasi zilizoharibika, za miezi saba, ambazo vijana walidhani wanazitupa. Bibi amekuwa akiwashia moto. Zile zilizosomeka hakuzichoma. Amezikunja, ziko chini ya mto.

"Tambi zako zina wino," anasema.

Kijana anaitoa bereti ndani ya shati. Anaivaa pale pale, mbele yake, kwa mara ya kwanza. Bibi anamtazama muda mrefu. Anainyoosha vizuri, kama mtu anavyomnyooshea mtoto kofia yake ya viua asubuhi ya Idi. Basi.

Bibi wetu alikuwa na mkono unaotetemeka katika teki ya pili. Teki hiyo ndiyo.

Julai 16

Nimempelekea mzee picha ikiwa bado mbichi, sauti haijakaa sawa, rangi bado. Tulikuwa watu wanne chumbani kwake, kompyuta juu ya kiti cha plastiki. Alicheka kwenye imla. Alicheka kwenye senema mpaka akakohoa. Kwenye Tunguu hakucheka, alisema taratibu, "Umma, au si umma," kama anajikumbusha.

Baada ya mwisho nilikuwa nimeweka maandishi: Desemba 1964 Babu alipanda jukwaa moja na Malcolm X kule New York, 1972 akatiwa gerezani, akatoka 1978, 1996 akafariki London. Mzee aliyasoma yote kwa sauti, kisha akasema, "Hayo yatoe. Anayetaka kujua atauliza. Mwache mtoto na bibi yake." Nimeyatoa. Na nilimwona akiinamisha kichwa, nikasubiri aseme yaishe. Hakusema. Akaniomba nirudishe nyuma.

"Pale konani, mara ya kwanza. Hebu."

Nikarudisha. Akatazama mara mbili, pua karibu iguse kioo.

"Anaitoa kwa mkono wa kulia," akasema. "Huwezi. Kulia ndio umetoka kumpa ami yako, na bado anakutazama mgongoni. Unaitoa kwa kushoto."

Yule kijana hajanyoa bado, nilimwomba asubiri. Jumamosi tunarudi Kiponda saa moja asubuhi, kabla jua halijashuka ukutani. Ni kona ile ile na shati lile lile.